Fuatamaji na Mto Uliogeuka Kijani

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenipa mimi, dada yake mdogo, kazi ya kuwasomea safari ya kaka yetu, nami nitajitahidi kuisoma polepole, ingawa yeye hakuwahi kufanya jambo lolote polepole, na hilo, kama mtakavyosikia, ndilo lililomtesa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mkulima wa mboga, katika nyumba ya matofali nyuma ya shule ya msingi, akazaliwa kabla ya wakati wake, jambo ambalo mama yetu alilitumia maisha yake yote kueleza kwa nini mtoto huyu hatulii, kutwa anahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Alisoma shule hiyohiyo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1979, na mwaka 1981 akajiunga na chuo cha afya, alikohitimu tarehe 2 Desemba 1983 akiwa bwana afya.

Aliajiriwa na halmashauri ya mji Januari 1984, akikagua mabucha, masoko na machinjio, na tarehe 20 Agosti 1988 akafunga ndoa na fundi cherehani, binti wa kijiji cha bondeni kando ya mto, katika sherehe ambayo wageni wengi hapa wanaikumbuka, kwa sababu wakati wa kukata keki bwana harusi hakuonekana, akatafutwa, akakutwa nyuma ya ukumbi na suti yake mpya, akitazama maji machafu ya jikoni yanaelekea kwa jirani gani. Wifi yangu alicheka siku hiyo, akadhani ni mzaha wa siku moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, na kijana wa kiume, fundi umeme.

Tarehe 1 Julai 1998 alihamishiwa wizara inayoshughulikia utalii, wakati serikali ilipoanza kuhimiza utalii unaotunza mazingira, yaani wageni waje, walale, waone misitu na maporomoko, waache fedha zao, lakini msitu na mto vibaki kama walivyovikuta. Wenzake walijua kupamba mabango, yeye alijua mashimo ya vyoo, hivyo akapewa kukagua hoteli zilizoomba alama ya Jani, kibao kinachomhakikishia mgeni kwamba nyumba anayolala haichafui mahali ilipojengwa. Akifika hotelini alikataa sharubati, akauliza choo kiko wapi, akamimina ndani yake rangi ya kijani isiyodhuru mtu wala samaki, akavuta maji, kisha akazunguka nyuma kutazama rangi itatokea wapi, kwani mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hapo ndipo madereva wa wizara walipombatiza jina la Fuatamaji, na jina likamganda.

Tarehe 5 Novemba 2009 alikwenda kukagua hoteli ya msituni, iliyo juu ya kijiji cha wakwe zake, hoteli ambayo wizara ilitaka kuionyesha nchi nzima kuwa mfano, na ambayo ilikuwa imeajiri vijana wengi wa kijiji kile, akiwemo shemeji yake, aliyekuwa mtunza bustani. Alimimina rangi asubuhi, akazunguka, akachungulia shimo, akaangalia saa, akazunguka tena, na kwa kuwa rangi haikuonekana na hoteli nyingine ilikuwa ikimsubiri, hakuweza kukaa kitako hadi kesho yake, akatia saini, akaondoka. Kesho yake mchana mama mkwe wake alishuka mtoni kuchota maji, akakuta mto umegeuka kijani, akampigia simu binti yake akimwuliza kama hii ndiyo dalili ya mwisho wa dunia, na wifi yangu akamgeukia mumewe mezani kumpa habari hiyo ya ajabu, akamwona ameweka kijiko chini. Kijiji kizima kilijiuliza ni mkosi gani, na katika nchi yote ni yeye peke yake aliyejua kwamba wakwe zake wanakunywa maji ya choo, na kwamba amekubali kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu siku ile kaka hakupata usingizi wa kueleweka. Alirudi wizarani kuomba kibao kishushwe, akaambiwa mabango yameshachapwa, akarudi tena, akahamishiwa stoo ya hayo mabango, naye kila wiki akapanda ngazi kutoka stoo kwenda kugonga mlango uleule, mpaka kibao kiliposhushwa tarehe 23 Aprili 2012. Kikashuka, wageni wakapungua, vijana wakamwagiwa unga, na shemeji yake akaapa kwamba hatakaa meza moja na mtu aliyempa dada yake mahari kwa mkono mmoja na kumnyang'anya yeye mkate kwa mkono mwingine. Mama mkwe, alipoelezwa ile rangi ilitoka wapi, alisema maneno machache tu, kwamba haraka haraka haina baraka, na maneno hayo yalimchoma kuliko matusi.

Alistaafu tarehe 9 Juni 2021, lakini aliyedhani atapumzika hakumjua, kwani kesho yake alikwenda kwa mwenye hoteli, akamsumbua mpaka akakubali kuchimba mabwawa ya matete yanayochuja maji taka kabla hayajafika mtoni, kisha akamfuata shemeji yake, akakaa nje ya mlango wake, safari hii alikaa kweli, mpaka akafunguliwa. Walichimba pamoja na vijana wa kijiji, wakitaniana na kugombana, na Januari mwaka huu wa 2024, mabwawa yakikaribia kukamilika, moyo wake ulianza kushindwa, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, hadi alipofariki Alhamisi tarehe 14 Machi, saa kumi na moja alfajiri, baada ya kuwauliza wauguzi, kwa mara ya mwisho, sinki la wodi linamwaga wapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliolala nasi, wafanyakazi wenzake wa wizarani, hasa madereva, na vijana wa kijiji waliomaliza bwawa la mwisho Ijumaa bila kuambiwa na mtu.

Kama mnaona shemeji yake na mama mkwe hawapo hapa kaburini, tafadhali msiwaseme vibaya. Jana asubuhi shemeji alimimina rangi kwenye choo cha hoteli, akakaa pale juu kulinda, na mama yake, pamoja na umri wake, yuko kwenye mawe ya mtoni tangu jana, amekataa kuletewa hata kiti, anasema yeye ndiye aliyeiona ikija, na yeye ndiye atakayethibitisha kwamba haikuja. Ile mara ya kwanza ilitokea kesho yake mchana, na mchana wenyewe ndio huu, na simu iliyo mfukoni mwangu bado haijalia.

Kaka, majibu ya rangi bado hayajafika. Safari hii hakuna atakayeondoka kabla ya wakati, tunasubiri kwa niaba yako. Wewe pumzika kwa amani.