Ufunguo Ambao Bimdogo Hakuushika

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka elfu mbili na ishirini na tano. Hapa Tanga tumeamka na manyunyu. Kusi imevuma tangu alfajiri, na mawingu bado yamelala juu ya Raskazone. Ni baridi kidogo, ile baridi yetu ya kutafuta kanga ya pili.

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi hii namkumbuka Bimdogo Hamed. Bimdogo alifariki Jumanne jioni, nyumbani kwake Chumbageni, baada ya kuugua moyo kwa muda mfupi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Ameacha mume, Bwana Talal, na watoto wawili. Tulimzika Jumatano asubuhi. Nimesali kabla ya kuketi mbele ya kipaza sauti hiki, niseme yaliyo kweli, nisimpambe. Yeye mwenyewe hakupenda kupambwa.

Alizaliwa Moa, kule karibu na mpaka. Akaolewa Tanga mjini. Mwaka elfu mbili na tatu aliajiriwa kuchambua viungo katika ghala la Mzee Aliasgar. Alikaa katika ghala hilo miaka ishirini na miwili. Nairudia hesabu hiyo: miaka ishirini na miwili.

Kazi yake ilikuwa pua na vidole. Gunia la iliki likishuka kutoka milima ya Amani, Bimdogo alitia mkono hadi kiwiko, akatoa konzi moja, akanusa. Kisha akasema: hii imekaushwa juani, hii imekaushwa jikoni, hii imelala karibu na samaki. Hakukosea. Wafanyakazi wenzake walimtania, "Da Bimdogo, hebu ninusie mume wangu, jana alikuwa wapi?" Naye alikuwa akijibu, "Mlete, lakini nikishasema usilie."

Mwaka elfu mbili na kumi na moja, mama mkwe wake alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa. Alihitaji mtu wa kumgeuza, kumlisha na kumwosha. Ikaamuliwa kwamba mtu huyo ni Bimdogo. Nilimuuliza Bwana Talal nani aliyeamua. Akaniambia maneno haya, na ameniruhusu niwasomee.

"Hakuna aliyeamua. Hatukukaa kikao. Mimi ni fundi wa majokofu, karakana ni yangu. Nafungua nikitaka, nafunga nikitaka. Yeye alikuwa na mwajiri. Mwenye saa zake mkononi ni mimi, na mama ni wangu. Lakini haikunijia hata siku moja kwamba ningeweza kuwa mimi."

Bimdogo akaomba kufanya kazi nusu siku. Mzee Aliasgar alikuwa muungwana, akamkubalia. Kuanzia hapo aliingia saa mbili asubuhi na kutoka saa saba mchana. Jirani alimwangalia mgonjwa asubuhi, na mchana Bimdogo akampokea.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, niwaeleze kuhusu ufunguo, maana habari yote imo humo.

Ghala lile lina kanuni moja ya zamani: anayefungua ndiye anayefunga. Mzee Aliasgar aliiweka baada ya mdalasini kupotea. Aliyefungua siku ile alimlaumu aliyefunga, na aliyefunga akamlaumu aliyefungua. Mzee akachoka. Akasema ufunguo utashikwa na mtu mmoja, asubuhi hadi jioni, na huyo ndiye msimamizi. Mzigo haupokelewi bila yeye.

Kanuni hiyo haikutungwa ili kumdhulumu mtu. Lakini tazameni ilipoangukia. Ghalani kulikuwa na watu kumi na tisa. Saba kati yao walifanya nusu siku. Wote saba walikuwa wanawake. Mtu wa nusu siku hawezi kufunga, kwa hiyo hawezi kufungua, kwa hiyo hawezi kuwa msimamizi. Hapakuwa na karatasi iliyosema mwanamke asishike ufunguo. Karatasi haikuhitajika.

Mwaka elfu mbili na kumi na tatu ufunguo alipewa kijana aitwaye Safari. Safari alifundishwa kazi na Bimdogo. Ni Bimdogo aliyemwonyesha jinsi ya kutia mkono hadi kiwiko. Siku alipokabidhiwa alimfuata, akasema, "Da Bimdogo, huu ni wako." Akamjibu, "Ni wako, mwanangu. Mimi saa saba nina mtu wa kumgeuza."

Mambo yaliharibika mwaka elfu mbili na kumi na nane. Mzigo wa pilipili manga ulifika saa sita mchana. Bimdogo alikuwepo. Alisogea akanusa gunia la kwanza, akaona pua inamwambia maji. Lakini Safari alikuwa amekwenda kula, na bila ufunguo hakuna kupokea wala kukataa mzigo. Saa saba, Safari akiwa bado hajarudi, Bimdogo akaondoka. Safari aliporudi akapokea magunia yote. Baada ya wiki mbili yalikuwa yameota ukungu.

Mzee Aliasgar alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mwanawe, Bwana Hasnain, ndiye aliyeendesha biashara. Akamwita Bimdogo. "Ungekuwepo haya yasingetokea."

"Nilikuwepo, Bwana Hasnain. Ufunguo ndio haukuwepo."

Siku hiyohiyo akaomba usimamizi. Akaambiwa kwamba siku hizi msimamizi lazima awe na cheti cha kidato cha nne. Bimdogo aliishia darasa la saba.

Akajiandikisha shule ya watu wazima, na hapo ndipo nilipokutana naye. Mimi pia nilichelewa kusoma. Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja katika darasa la jioni, baada ya magharibi, kwenye viti vya watoto ambavyo magoti hayakuingia. Bimdogo alikaa mbele yangu. Mikono yake ilinukia iliki, na darasa zima likanukia. Kabla ya hesabu yeye alisema bismillahi, mimi nikapiga ishara ya msalaba, kisha tukakosa wote wawili. Alikuwa akiniambia, "Shoga, Mungu amesikia, lakini mwalimu hajasikia."

Tulisoma miaka miwili. Akafaulu mwaka elfu mbili na ishirini na moja. Akapeleka cheti kwa Bwana Hasnain. Bwana Hasnain alikisoma, akampongeza kwa moyo, kisha akasema, "Lakini dada yangu, tatizo ni saa. Anayefungua ndiye anayefunga. Jioni unapata nafasi ya shule, ya ghala huna?"

"Ghala linafungwa saa kumi na moja, Bwana. Shule ilikuwa inafunguliwa Talal akisharudi kukaa na mama yake."

Mwaka elfu mbili na ishirini na tatu mama mkwe akafariki. Bimdogo alikuwa amemuuguza miaka kumi na miwili. Akaenda kuomba arudi siku nzima. Akaambiwa nafasi za siku nzima zimejaa. Siku ile alinipitia nyumbani, hakuvua hata viatu. Akasema, "Kumbe ukishakuwa wa nusu siku, unahesabiwa nusu hata ukirudi mzima." Hakulia. Aliomba maji, akanywa, akaenda zake.

Ningependa kuwaambia kwamba alikaa na uchungu huo mpaka mwisho. Sivyo. Mwaka jana alimpeleka jirani hospitali siku ya Alhamisi. Nanyi mjue kwamba Safari, msimamizi, alikuwa na malaria kila Alhamisi, na siku hiyo ufunguo alibaki nao Bwana Hasnain mwenyewe. Ghalani walimcheka. "Safari, malaria yako ina kalenda." Bimdogo akamkuta kwenye foleni ya kliniki, amemshika mkono mama yake mzazi.

"Safari, malaria yako leo imevaa baibui?"

Safari akainama. "Da Bimdogo, nikisema namleta mama kliniki wataniuliza kama sina dada."

"Na dada yuko wapi?"

"Ameolewa Lushoto."

"Alipokuwa hapa, yeye aliumwa malaria siku gani?"

Wiki hii, msibani, Safari ameniambia hivi: "Siku zote niliamini nilipewa ufunguo kwa sababu sikuwa na mgonjwa nyumbani. Mgonjwa alikuwepo. Dada yangu ndiye aliyekaa naye. Alikuwa mshonaji, akaacha cherehani."

Mwezi wa nne mwaka huu Safari alikwenda kwa Bwana Hasnain na kusema ukweli. Akaomba nusu siku, asubuhi awe na mama yake. Bwana Hasnain akaanza kutafuta msimamizi mwingine. Bimdogo bado alihesabiwa wa nusu siku, kwa hiyo aliyefaa ni Elizabeti, binti wa Muheza, mwanafunzi wa pili wa Bimdogo, mwenye pua kama ya mwalimu wake. Lakini Elizabeti ndiyo kwanza alikuwa ametoka likizo ya uzazi. Mtoto ana miezi minne, mlezi anapatikana asubuhi tu. Naye akaomba nusu siku.

Jibu likawa lile lile. Achague: ufunguo au nusu siku. Akapewa hadi mwisho wa mwezi huu wa Juni.

Elizabeti anasema alilia kwenye magunia. Bimdogo akamkuta. "Nyanyuka, utailowesha iliki, na mimi ndiye nitakayeinusa."

Kisha akaenda ofisini, peke yake. Akamweleza Bwana Hasnain jambo rahisi. Elizabeti afungue asubuhi. Safari afunge jioni. Saa saba mchana wasimame wote wawili mlangoni, wapite gunia kwa gunia, waweke saini zote mbili kwenye daftari la zamu. Basi hakuna wa kumsingizia mwenzake, na mdalasini wa Mzee hautapotea tena.

Bwana Hasnain akasema, "Nitafikiri, nitakujibu."

Hiyo ilikuwa tarehe ishirini Mei. Jibu halikuja. Kila asubuhi Bimdogo alipita mbele ya ofisi, akatoa salamu, akasubiri kidogo, akaenda kwenye magunia yake. Sikukuu ya Idi ikapita. Jumanne jioni moyo wake ukasimama.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yenu nawapa pole Bwana Talal, watoto, ndugu wote wa Moa, na wenzake wa ghalani. Mungu amrehemu Bimdogo, amlaze pema. Mimi nitamwombea kwa namna ya kwetu, na najua hatakataa.

Na leo nyumbani kwako, kabla ya chakula cha mchana, jiulize maswali machache. Kama kuna mgonjwa au mtoto, nani anakaa naye? Nani aliamua? Mlikaa kikao? Na yule anayetoka kazini kila siku bila kuangalia saa, ni mlango gani wa nyumbani ambao mtu mwingine anamshikia? Mimi nimejiuliza. Nina kaka watatu, na mama yetu aliuguzwa na mimi. Hatukukaa kikao.

Nimeweka Jumatano mwisho, kwa sababu ninataka muibakishe masikioni.

Jeneza lilikuwa uani. Wanaume walisimama nje. Sisi wanawake tulikuwa ndani, madirishani, Elizabeti karibu yangu na mtoto wake mgongoni. Kabla ya kulinyanyua, Bwana Talal akasema kama ilivyo desturi, "Ndugu zangu, kama kuna anayemdai marehemu, aseme. Na kama kuna anayedaiwa na marehemu, naye aseme."

Kwa kawaida hapo watu hukaa kimya, na jeneza huondoka.

Bwana Hasnain akanyanyua mkono. Nilimwona vizuri. Alikuwa amevua miwani.

"Mimi nadaiwa," akasema. "Si fedha. Nadaiwa jibu. Aliniuliza, nikamwambia nitafikiri. Wiki tatu alipita mlangoni kwangu. Nilikuwa nimeshafikiri, niliona aibu tu kwamba baba yangu hakuliona jambo hilo, na mimi nilionyeshwa nikalikataa."

Mtu mmoja akasema taratibu, "Basi lijibu, Bwana."

Akaligeukia jeneza. Hakuzungumza nasi.

"Bimdogo, kuanzia Jumatatu ufunguo wa ghala utashikwa na watu wawili. Elizabeti atafungua, Safari atafunga, na wote wawili ni wasimamizi. Wa nusu siku hatazuiwa kupanda, na akitaka kurudi siku nzima nafasi yake itakuwa inamngoja. Na akija mwanamume kuniomba saa za kumuuguza mama yake, sitamuuliza kama hana dada. Nimeahidi mbele yako, na mbele ya hawa waliokuja kukuzika."

Nje wanaume wakaitikia, "Tumesikia." Na kutoka madirishani, sisi nasi tukaitikia, kwa sauti, ili afike kaburini akijua: "Tumesikia."