Barua ya Mvua Iliyokaa Mkebeni

Leo ni Jumapili, tarehe 16 Machi 1958, na kabla sijafungua mdomo nimeahidi kusimulia yote, hata yale ambayo Babu ameniomba niyaruke.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ushirika. Mwalimu wetu Don Leiser Vainstok, tunayekuaga leo. Doña Rojl, mgeni wetu uliyetoka Rosario kwa treni. Wazee wa Sinagogi ya Juu na wazee wa Sinagogi ya Chini, mliokaa leo katika ukumbi mmoja ingawa viti vimeachana. Wazazi wetu na wanafunzi wenzangu.

Mimi ni Jaike Skliar, wa darasa la sita. Don Leiser alitufundisha sote, wa Juu na wa Chini, kwenye madawati yale yale. Tulipotaniana, alituacha kidogo. Wa Chini walituambia, "Nyie ndio mnaoomba mvua ngano ikiwa shambani." Sisi tukawajibu kwamba wao huomba mvua kwa kalenda ya ng'ombe. Mwaka ule mafuriko yalipochukua kuku wetu, Babu Mordje alisimama mlangoni na kibuyu chake cha chai ya majani, akamwambia Bibi kwamba hao wa ng'ambo ya barabara wameomba tena.

Je, nani kati yetu watoto alijua ugomvi ulianzaje? Mwalimu ndiye aliyetueleza. Sala ya mvua husemwa kwa majira ya Yerusalemu, lakini Yerusalemu ikisubiri mvua, huku kwetu Entre Ríos, Argentina, majira ni kinyume na sisi tunavuna. Babu alitaka tufuate Yerusalemu. Don Zelik Furman, ambaye leo ni mzee wa Chini, alitaka tufuate shamba. Rabi wetu Yofe, baba yake Doña Rojl, akamwandikia mwanazuoni mkubwa wa Lithuania, Rabi Elhanan, ili aamue. Wakati wanasubiri, nyumba moja ya sala ikawa mbili.

Jibu lilikuja mwaka 1938, na Rabi Yofe alikuwa amezikwa wiki ile ile. Juu ya bahasha, Rabi Elhanan alikuwa ameandika zile herufi zinazokumbusha marufuku ya kale, kwamba asiyeandikiwa asisome. Kwa hiyo barua ikawekwa kwenye mkebe wa biskuti, na Mwalimu akapewa mkebe huo, kwa kuwa hakuwa wa upande wowote. Kila upande ulisema ni dhambi kuifungua. Sasa naweza kusema bila kuogopa: kila upande uliogopa kushindwa.

Bibi yangu Braine alifariki majira ya baridi yaliyopita. Baba anapaswa kumsomea kadishi, sala ya wafiwa, nayo haisomwi pasipo wanaume kumi. Vijana wamehamia Buenos Aires, na Sinagogi ya Juu haifikishi kumi tena. Ya Chini pia haifikishi. Baba hurudi nyumbani, anavua kofia, anakaa. Mama humwekea chai, nayo hupoa.

Kisha Mwalimu akatangaza kwamba anastaafu. Wazee walimfuata kila mmoja kwa wakati wake, wakiuliza mkebe ataukabidhi kwa nani. Aliwajibu kwamba hataukabidhi kwa yeyote. Akamwandikia binti wa Rabi Yofe, mrithi wake. Doña Rojl alifika Alhamisi, akaukagua mkebe, akasema, "Baba hakuwahi kulala na barua iliyofungwa. Fungueni, jamani, mnamchosha marehemu."

Mwalimu akaisoma. Mwandiko ulibanana hadi ukingoni mwa karatasi. Nilikuwapo, nimeshika taa, nikaona mkono wa Babu umekamata ukingo wa meza. Rabi Elhanan aliandika hivi: "Anayeomba mvua wakati wenu wa mavuno haiombei ngano yenu, anawaombea wenye kiu kule. Na anayehitaji mvua kwa shamba lake, aiombe kimya, pale kwenye sala ambapo kila mtu hutaja haja yake. Wote wawili wamesema kweli, na hilo halihitaji nyumba mbili."

Babu alikaa chini, akacheka huku akifuta macho. Don Zelik alisema tu, "Miaka yote hii, Mordje, nilidhani imeandikwa kwamba mimi ni mjinga." Babu akamwambia, "Na mimi."

Mwalimu, asante kwa kuutunza mkebe bila kuutikisa. Asante kwa kutufundisha kusoma mwandiko wa watu waliotutangulia. Nanyi nyote, nawashukuru kwa utulivu wenu.

Limebaki jambo moja. Chini kabisa ya barua, Rabi Elhanan aliuliza: "Je, bado mnasali pamoja? Nijibuni kwa posta ya kwanza." Vita vilimchukua yeye na mji wake wa wakati ule, na hatuna anwani ya kumjibu. Lakini swali halijajibiwa, na Mwalimu alitufundisha kwamba kutojibu barua ni utovu wa adabu.

Don Zelik, Jumamosi asubuhi Baba atakuwa amesimama pale Sinagogi ya Juu na kitabu chake cha sala. Je, wewe na wenzako mtavuka barabara?