Sekunde Thelathini na Nane za Mwalimu Yosamu

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kasese mjini, Rukoki, Karambi na hata ng'ambo ya mpaka, punguzeni kidogo kelele za sufuria. Jioni hii tunamkumbuka Mwalimu Yosamu Kathembo wa Bwera. Mwalimu Yosamu alifariki tarehe nne mwezi huu wa Machi, 2014, akiwa na miaka sitini na sita. Alifundisha muziki. Alipiga gitaa. Na mwaka 1973, yeye na wenzake watatu walirekodi albamu ya roki. Moja tu. Inaitwa Ngazi ya Theluji.

Kwanza, nina dhambi ya kuungama. Siku ya mazishi, kule Karambi, mimi ndiye niliyepewa karatasi nisome historia ya marehemu. Mnajua desturi yetu. Katika historia ya marehemu hakuna aliyewahi kulewa, wala kugombana na jirani kwa sababu ya mbuzi. Basi nami nikasoma kwa sauti ya askofu: "Albamu yake haina kasoro hata moja." Waombolezaji wakaitikia amina.

Baadaye mjane wake, Mama Marita, alinivuta shati.

"Mwanangu," akasema, "hiyo kanda hujaisikiliza."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeisikia vipande vipande tu, nilipokuwa mwanafunzi wa Mwalimu Yosamu katika shule ya bweni. Siku ya dansi ya shule, sisi wenye akili nyingi kupita kiasi tuliichomeka kanda ile kisirisiri. Mapigo yake huhesabiwa saba, si manne kama ya dansi. Wageni wetu kutoka shule ya wasichana walikanyagwa vidole hadi mkuu wa shule akazima umeme. Mwalimu Yosamu hakutuchapa. Aliuliza tu, "Mlifika dakika ya ngapi?"

Wiki hii nimeisikiliza yote, mara tatu. Naomba radhi kwa marehemu, sasa nasema ukweli.

Uzuri wake ni mkubwa. Katika milima hii yetu sijasikia mwingine aliyethubutu kuoanisha kinanda cha kanisa, gitaa la umeme na nyimbo za watu wanaolima mlimani. Wimbo wa kwanza unapanda taratibu. Unaanza kumenya mihogo, unaimaliza, unaibandika motoni, mwimbaji bado hajafungua kinywa. Anapofungua, unasahau mihogo. Kwangu iliungua.

Kasoro nazo zipo. Wimbo wa pili una dakika nne za upepo wa kilele cha Rwenzori. Upepo huo, wasikilizaji, ni Mwalimu Yosamu mwenyewe akipuliza kwenye maikrofoni. Dakika moja ingetosha. Katika wimbo wa tatu kinanda kinakosa pumzi, na maneno yanageuka mahubiri.

Lakini kasoro kubwa iko katika wimbo wa nne, uitwao Kushuka. Dakika ya tisa ngoma zinakufa. Zinakufa kabisa, kwa sekunde thelathini na nane. Shuleni tulikuwa tukisema mpiga ngoma alikwenda kula.

Mpiga ngoma huyo aliitwa Ruben Nzanzu, kijana wa miaka kumi na tisa. Walirekodi kwao Ruben, Butembo, ng'ambo ya mpaka, katika ukumbi wa misheni. Fundi alibakiwa na utepe mmoja tu, kwa hiyo hakukuwa na kurudia. Ruben alihesabu saba, saba, saba, kisha hesabu ikampotea. Akaacha kupiga. Baadaye akarudi, wimbo ukafika mwisho. Siku hiyo hiyo aliviacha vijiti vyake sakafuni, akaiaga bendi. Leo Papa Ruben anauza mafuta ya mawese sokoni Mpondwe.

Ijumaa alikuja hapa studio. Akavua kofia.

"Nimesikia mutapiga ile kanda yote," akasema kwa Kiswahili cha kwao Butembo. "Ile fasi ngoma inakufa, muikate. Batoto yangu beko Bwera, batasikia. Ile haiko muziki. Iko haya yangu."

Nikamwambia ni kazi ya dakika mbili. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya cha kompyuta. Lakini Mama Marita, ambaye ndiye aliyetuletea kanda, alikuwa ameketi kwenye benchi letu.

"Ruben, umewahi kuisikiliza?"

"Hapana, shemeji. Tangu siku ile, hapana."

"Miaka arobaini na moja unaikimbia. Sikiliza kwanza. Ukimaliza, huyu mtoto atakata."

Tukaiweka. Dakika ya tisa ngoma zikafa. Papa Ruben akatazama sakafu. Likabaki gitaa peke yake, noti tatu zilezile, zikirudi na kurudi. Siku zote nilidhani Mwalimu Yosamu alikuwa amebabaika. Lakini safari hii nilisikia kitu kingine. Kila baada ya mapigo saba, noti ya kwanza inapigwa kwa nguvu zaidi. Moja. Kisha tena, moja. Ngoma zikarudi juu ya noti hiyo hasa.

"Kuna mtu wa Kampala alitaka kuitoa hii kanda iuzwe madukani," Mama Marita akasema. "Aliomba akate hapo tu. Yosamu akarudi nayo kwa basi. Akaniambia, wakikata hapo, itakuwa kama hatukumngoja Ruben."

Papa Ruben akainua uso.

"Alikuwa ananihesabia," akasema. "Mi nilizani ananicheka."

"Kila alipokutajia muziki, uliuliza bei ya mawese," Mama Marita akamwambia.

Nikamuuliza, "Papa, tukate?"

"Muiache vile iko."

Kwa Mama Marita, kwa watoto na wajukuu, kwa wanafunzi wote mliokanyagwa vidole: poleni sana. Mungu amlaze mwalimu wetu pema. Nanyi wasikilizaji, usiku wa leo mkumbukeni mtu mmoja aliyewahi kuwangoja, nanyi mkadhani anawacheka. Kama yu hai, mwendeeni kesho asubuhi.

Sasa tunauweka wimbo wa nne, wote, bila kukata. Papa Ruben yuko nami hapa, amevuta kiti karibu na spika. Ikifika dakika ya tisa ngoma zikafa, msiguse redio. Hesabuni saba.