Marehemu Hakuwa na Macho Mabovu

Wasifu huu marehemu aliuandika mwenyewe, akaacha wazi nafasi ya tarehe moja tu. Aliagiza usomwe na shemeji yake, kaka wa mkewe, asiruke hata neno. Ratiba mnazo mikononi, mfuatisheni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kinu cha unga, mtoto wa tatu wa seremala. Alianza shule mwaka 1958. Akiwa darasa la tano aliipiga kengele ya shule kwa manati kutoka dirishani, watoto wakakimbilia nyumbani saa nne asubuhi. Alichapwa viboko sita na hakujuta. Macho yalikuwa mazima tangu siku hiyo, tafadhali mlikumbuke hilo.

Mwaka 1972 aliajiriwa idara ya wanyamapori, kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori. Kwa miaka kumi wenzake walimwita Risasi Moja. Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na mama watoto, mwanamke asiyejua uongo, hata watu wakashangaa kwamba amelelewa nyumba moja na huyu anayesoma.

Agosti 1982 shemeji alimuuzia bunduki ya kuwindia, ya zamani kuliko wao wote wawili, kitako chake kikiwa cha mti mwekundu uliong'aa kama kabati la arusi. Marehemu aliuliza habari za mtutu.

“Mzima kabisa, shemeji. Mimi nikuuzie wewe kitu kibovu?”

Risasi za majaribio zilikwenda upande. Akaambiwa ataizoea. Wiki ya tatu alimlenga nguruwe kwa hatua hamsini, risasi ikapita pembeni, na mnyama akamrarua mkulima paja. Mbele ya mkuu wa kazi shemeji alisema, “Macho yake hayo, siku nyingi tunayajua.” Risasi Moja akapelekwa stoo kutunza majembe na mapanga, akaitwa Bwana Pembeni mpaka anastaafu mwaka 2006.

Siku chache baada ya mkulima kuumia, fundi bunduki alipochungulia ndani ya mtutu alikuta mifereji inayoizungusha risasi imelika yote, limebaki bomba tupu. “Hii naijua,” alisema. “Nilimwambia shemeji yako asiiuze kabla hajabadilisha mtutu.” Shemeji alipoulizwa mbele ya ukoo alicheka, akasema fundi anatafuta kazi.

Mkewe alimsihi. “Weka mtutu mpya, baba watoto, tupumue.”

“Nikiweka leo, kesho kaka yako ataipiga vizuri mbele za watu aseme ndivyo ilivyokuwa.”

Akaifungia kabatini. Kila mwaka aliitoa, akaipima, akataka kubadilisha, akakumbuka kile kicheko, akairudisha. Mkulima alichechemea hadi kufa kwake, na marehemu hakusamehe. Asije mtu hapa akasema alisamehe.

Februari 2021 figo zilianza kumsumbua. Daktari alipomwambia imebaki miezi, alimwita fundi, mtutu ukabadilishwa. Tarehe 2 Oktoba, kwenye uwanja wa shabaha, akiwa amekaa kitini na mkono mmoja umevimba kwa sindano, alipiga risasi tatu kwa hatua mia. Matundu yote matatu yanafunikwa na kizibo kimoja cha soda. Karatasi hiyo imechapishwa ukurasa wa mwisho, na msimamizi wa uwanja ameitia sahihi.

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Januari 2022, saa tano asubuhi, nyumbani. Tarehe hii imejazwa na mkewe, naye ameongeza maneno mawili pembeni: “Kaka, usiruke.”

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba na shemeji mmoja. Bunduki ni ya binti yake mkubwa. Mtutu wa zamani ni ule ulioegemezwa kwenye jeneza, nao ni wa shemeji. Akimaliza kusoma auchukue, auchungulie mbele yenu, kisha awaambie waombolezaji, na yule mtoto wa mkulima aliyeketi mstari wa kwanza, kama ni mzima.

Marehemu apumzike. Na aliyesoma, akiweza, naye apumzike.