Bi. Nzembi Muthama na Pendekezo la Tisa

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2008, Bi. Nzembi Muthama anastaafu baada ya kuchora majengo katika ofisi yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Amechoka, na hafichi. Sisi tunaobaki tumechoka pia, ila hatujapewa tarehe.

Alianza mwaka 1977 na kalamu ya wino. Ukikosea, unakwangua karatasi kwa wembe. Siku hizo mteja aliomba mabadiliko kwa aibu, kwa kuwa wembe aliuona. Kompyuta ikaiondoa aibu hiyo. Sasa jengo zima linachorwa ndani ya mashine, na kila ukuta hutajiwa awamu yake: unaobaki, utakaobomolewa, utakaojengwa upya. Mteja akishajua kwamba hakuna kukwangua, hashibi mapendekezo. Mchagua jembe si mkulima, Bi. Nzembi husema, kisha anafungua faili jipya.

Kazi yake ya mwisho ni ukarabati wa jengo la Bw. Kibe, Mtaa wa Biashara. Mwenye jengo alitaka kulifunga mwaka mzima na kuwatoa wapangaji wote. Ghorofa ya juu yuko Hemed, mshonaji wa kanzu, aliyesema wazi kwamba wateja wakikuta mlango umefungwa watazoea fundi mwingine, na hapo yeye kwisha. Bi. Nzembi akaomba nafasi ya kuonyesha kwamba kazi inaweza kwenda kwa awamu, watu wakiwa ndani.

Mapendekezo manane yalikataliwa. Katika la sita alipitiwa: ngazi ya zamani ilibomolewa awamu ya kwanza, mpya ikajengwa awamu ya tatu. Sote tuliutazama mchoro tukaupitisha. Kikaoni, picha ya awamu ya pili ilipoonyeshwa, Hemed aliuliza kwa upole yeye atashukia wapi. Kuuliza si ujinga. Bi. Nzembi alicheka hadi machozi, akaenda nyumbani kwake mtaa wa Jamhuri, na siku ya pili hakuja kazini.

Aliporudi, aliagiza wapangaji waitwe kuitazama kila awamu kabla ya mwenye jengo. Hiyo sasa ni desturi yetu. Ndipo likapatikana pendekezo la tisa: ngazi mpya itangulie, ya zamani ifuate kubomolewa, na wapangaji wahamie ghorofa iliyokwisha kukamilika. Bw. Kibe alikubali alipoona kodi haitakatika. Cherehani za Hemed zilihamishwa Jumapili. Jumatatu alikuwa akishona.

Awamu ya mwisho bado. Wiki iliyopita Bw. Kibe alipiga simu akitaka pendekezo la kumi, wapangaji watoke ili amalize haraka. Bi. Nzembi alimjibu kwamba ofisi hii hailichori, akaweka simu chini, akachukua mkoba wake. Hakutuuliza. Tumeshauriana tangu hapo, na jibu letu ni hilo lake.

Ahsante, Bi. Nzembi. Tutakukosa sana. Lala mpaka jua liingie dirishani, na maisha yako yawe mema, marefu, yasiyo na vikao. Hemed hatoki.