Jina la Mzamil Mbwana Litolewe kwenye Maboksi

Marehemu Mzamil Mbwana Idris, ambaye hitima yake tumeisoma leo Jumapili, alizaliwa kisiwani Kudhaa tarehe 12 Machi 1964. Babake alikuwa fundi wa mashua. Mamake, Bi Twahira Husein, alimpata baada ya mabinti wanne, akamdekeza hadi akawa mtu wa kunusa chakula kabla ya kukila.

Alisoma chuo cha Kurani Kudhaa, kisha skuli mjini Kismayu. Vita vya 1991 vilimtupa Mombasa, akafanya kazi machinjioni na kwenye vyumba vya baridi kwa miaka ishirini na minne. Huko alijifunza kuifuata nyama tangu kisuni hadi sahanini: nani kachinja, imepakiwa pamoja na nini, baridi ilikatika wapi.

Alikuwa amemuoa Bi Mishi Uthman mwaka 1989. Siku ya fungate aliletewa mbuzi wa kuchoma, naye bila haya akauliza kachinjwa na nani. Mama mkwe akamjibu, "Ni mkweo. Basi kamnuse mikono!" Ukumbini watu walicheka hadi machozi.

Mwaka 2015 alirudi Kismayu, akaajiriwa kazi ya ukaguzi katika ghala moja la baridi karibu na bandari. Kila boksi alilolipitisha lilibandikwa karatasi ya halali yenye jina lake. Watu walinunua kwa jina hilo.

Juni 2019 liliingia kontena la mapaja ya kuku. Kwa kweli inatia kinyaa hata kusimulia. Mashine ya baridi ilikuwa imezimika siku kadhaa, kuku wakayeyuka, kisha wakagandishwa tena. Chini ya kila boksi kulikuwa na damu iliyoganda na harufu ya kuoza. Cheti cha mchinjaji hakikuwapo. Hata hivyo, uani alikuta vibarua wakibandika karatasi zenye jina lake.

"Mzee Mzamil," mwenye ghala akamwambia, "wakishakaangwa, nani atajua?"

"Mngu ayua," akajibu. "Sitowalisha wachu uvundo kwa jina langu. Litoeni!"

Walimtoa yeye, jina wakabaki nalo. Kuku wale waliliwa kwenye harusi moja mjini, na wachafu wale, mwenye ghala na watu wake, wakakaa safu ya mbele wakijifuta midomo. Karibu miaka mitano Mzamil alipita duka kwa duka akizibandua karatasi kwa kisu cha samaki. Wengine walimwita mwehu.

Figo zilimlaza Januari mwaka huu. Hakuomba kitu ila kimoja, akamshika mkono bintiye Rawda: "Mwanangu, jina langu litoke." Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 5 Septemba 2024, akazikwa siku hiyohiyo baada ya alasiri.

Jana mwenye ghala alituletea maboksi kumi ya kuku, ati ubani wake wa kutupa pole. Rawda ameyasoma yote: "Imekaguliwa na Mzamil Mbwana, 6 Septemba 2024." Siku hiyo mkaguzi alikuwa kaburini. Bi Mishi ameyarudisha yote kumi, ndiyo maana leo mmekula samaki.

Ameacha mjane, Bi Mishi. Watoto Rawda, Adnani na Zakir. Na wajukuu sita. Wote wanatangaza mbele yenu kwamba boksi lolote lenye jina lake ni la uongo. Libandueni mlikutapo.

Mola amrehemu, apumzike yeye, na jina lake lipumzike.