Mwalimu Bukuru na Tangazo Alilolifuta

Mchungaji na wazee wa kanisa, ndugu Hilali na majirani wa bondeni mlioketi nje ya turubai ingawa viti vipo ndani, walimu, wana ukoo na wote mliofika hapa Nyakitonto, poleni na msiba. Familia imenituma mimi, Generosa Butoyi, kusoma habari za marehemu, kwa sababu tulizaliwa tumbo moja siku moja, yeye akatangulia akaitwa Bukuru, mimi nikafuata nikaitwa Butoyi, kama ilivyo desturi yetu Waha kwa mapacha. Mtanivumilia, nasoma nikiwa na hasira.

Marehemu Mwalimu Nicodemus Bukuru alizaliwa tarehe 14 Mei 1964 huko Kagerankanda, mwaka 1974 familia ikahamishwa pamoja na wengine kuja kijiji hiki cha Ujamaa, migomba ikabaki kule, baba akaambiwa haya ni maendeleo naye akaitikia. Baba hakujua kusoma, na katika chaguzi za wabunge za enzi ile ya chama kimoja, ambapo mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, yeye alipigia jembe miaka yote, kwa kuwa alikuwa mkulima, bila kujali jembe hilo lilikuwa la nani. Kaka aliicheka habari hiyo miaka mingi, hadi alipokuja kuona kwamba sisi tuliosoma hatukumzidi baba kitu.

Elimu ya msingi aliianza mwaka 1973 na kuimaliza 1979, akasoma sekondari mjini Kigoma kuanzia 1980 hadi 1983, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Kasulu, akahitimu mwaka 1985. Tarehe 1 Julai 1986 aliripoti kazini wilayani Kibondo, na wakimbizi wa Burundi walipoingia mwaka 1993 alifundisha watoto wao pamoja na wetu, wengi wakiwa wamekaa chini, chaki akiikata vipande vitatu ili idumu wiki. Mwaka 1998 alihamishiwa shule ya kijijini kwetu, ile ya bondeni, akafundisha Uraia, akawa mwalimu mkuu tangu 2006 hadi alipostaafu tarehe 14 Mei 2024.

Alifunga ndoa na Yusta tarehe 22 Desemba 1990, Mungu akawajalia watoto watatu, Ange aliyezaliwa 1994 na kupewa jina la muuguzi Mrundi aliyemzalisha mama yake, Safina wa 1997, na Japhet wa 2001, wote wapo hapa mbele yenu.

Katika kanisa letu marehemu alikuwa mzee wa kanisa na katibu tangu 2003, na kazi ya katibu, kama mjuavyo, ni kusoma matangazo kila Jumapili, ndoa, michango, wagonjwa, na yote anayoandikiwa. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2019, wiki moja kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, aliandikiwa kwamba waamini wanakumbushwa kuwa mtu wa nuru hachagui giza, na kwamba mzee Ndihokubwayo ni mtoto wa nyumba hii. Kila mtu alijua giza ni nani, ni Hilali Mudathiri, mwenye duka na mashine ya kusaga, aliyekuwa akigombea uenyekiti wa kijiji kwa kuahidi kufuatilia maji, ila anasali msikitini. Kaka alilisoma tangazo lile kwa sauti yake nzuri, nasi tukamchagua Ndihokubwayo tukiimba.

Mwaka 2021 maji yalifika, mabomba matatu, yote huku juu, moja kanisani, moja nyumbani kwa mchungaji, moja mlangoni kwa mwenyekiti, na kule bondeni, waliko Waislamu na iliko shule wanakosoma watoto wetu sote, halikwenda hata moja. Oktoba 2022 watoto wanane wa darasa la pili walilazwa kituo cha afya kwa kuhara, sita kati yao ni wa kanisa hili hili. Mwalimu alimfuata mwenyekiti mara tatu, akajibiwa kuwa bomba la nne litakuja watu wa bondeni wakijifunza kushirikiana.

Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2024, siku tatu kabla ya uchaguzi mwingine, akapewa tangazo lile lile, mgombea yule yule, nuru na giza vile vile. Alisoma ndoa, akasoma wagonjwa, alipofika hapo akaikunja karatasi, akasema, "Ndugu zangu, lile la mwaka 2019 nililisoma mimi, nilikosea, leo nalifuta. Mchagueni atakayeleta maji, anasali wapi hilo ni lake na Mungu wake." Kisha akakaa.

Sitasema msikitini kulikuwa na malaika. Ijumaa ile ya kabla ya uchaguzi nao walihimizana kutomwacha wa kwao, Hilali mwenyewe aliniambia, tena akiona haya, tofauti ni kwamba sisi ni wengi kuliko wao. Ndihokubwayo alishinda. Na mimi ninayesoma hapa nilimpa kura yangu, si kwa kumpenda, kwani kabla sijaushika vizuri mkoba wangu niende chumba cha kura, mama mmoja wa kikundi chetu cha kuzikana alinishika bega akaniuliza, "Generosa, ukituacha, nani atakuzika?" Nilimsaliti ndugu yangu wa tumbo moja kwa sababu ya swali hilo, na hakuniuliza hata siku moja nilimpigia nani.

Tarehe 8 Desemba 2024 lilisomwa tangazo la kumtenga, akazuiwa meza ya Bwana, na waamini wakaambiwa wasiingie kwake mpaka atubu. Aprili 2025 alipata kiharusi, akapelekwa hospitali Kasulu kwa pikapu ya Hilali, akalazwa wiki tatu, akarudi nyumbani upande wa kulia umekufa. Kwa miezi kumi Yusta alimgeuza peke yake kitandani, hakuna mzee wa kanisa aliyevuka kizingiti, na Jumapili alikuwa akiomba asogezwe dirishani asikie kwaya. Alifariki Jumanne tarehe 10 Machi 2026, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Jana wazee watatu walikuja, wakaleta barua ya toba iliyokwisha kuandikwa kwa niaba yake, inayosema kwamba yeye Nicodemus anakiri kuwapotosha waamini, Yusta aisaini, mimi niisome hapa, ndipo mchungaji avae joho na kwaya iimbe. Yusta anajua asiposaini naye atatengwa. Ameisoma mara mbili, akanirudishia, nami ninayo hapa, haina sahihi, wala sitaisoma. Marehemu alikuwa na toba moja tu, aliitoa akiwa hai, kwa kinywa chake, mbele yenu, nanyi mkamtenga kwa toba hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kasulu, walimu waliopokezana zamu za kumuuguza hospitalini, Hilali na vijana wa bondeni waliochimba kaburi tangu jana mchana, na akina mama waliopanda na ndoo za maji ya mtoni kwa ajili ya chakula chenu, kwa kuwa tumeambiwa bomba la kanisa lina matengenezo. Mchungaji, asante kwa kufika.

Sala ya kuzika itaongozwa na Safina, binti yake, na jeneza litabebwa na walimu pamoja na watu wa bondeni. Mchungaji, ukipenda kutupa udongo, karibu kama jirani yetu, joho libaki garini. Bukuru, nisamehe ile kura, upumzike kwa amani.